Vitako vya Vijitu vya Prefe

Mtaani kwetu Kamembe kila mtu alimwita Prefe, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa mkuu wa shule ya sekondari huko Bukavu, na huko mkuu wa shule huitwa prefe. Aliporudi Rwanda, kama walivyorudi wengi waliolelewa Kongo, shule aliiacha ng'ambo lakini cheo alivuka nacho, na kwetu akapewa shule nyingine ya kuongoza. Sasa, kwetu siku zile prefe alikuwa ni kiongozi wa mkoa mzima. Wakulima wa milimani waliposikia mtu anaitwa "Prefe!" katikati ya soko, walivua kofia. Yeye hakuwasahihisha. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepokea ombi na atalifikiria akipata nafasi.

Sikumpenda. Naliandika hilo mapema ili msomaji asije akalitafuta baadaye kati ya mistari. Nimeishi jirani naye miaka mingi, nimemfanyia kazi, nimekula kwake na yeye amekula kwangu, na muda wote huo nilimdharau. Watu wengine hufa, au huhama, na dharau uliyokuwa nayo hugeuka kuwa huruma. Yangu haikugeuka. Nitamweleza kama alivyokuwa.

Mimi ni seremala. Miaka ile ya baada ya vita vya kwetu kazi yangu ilikuwa ya aina moja. Watu walikuwa wanawatafuta wafu wao, na walipowapata, mashimoni au kwenye mashamba ya kahawa, waliwazika upya kwa heshima. Familia nzima iliweza kuingia katika jeneza moja, maana mifupa haichukui nafasi. Nilitengeneza majeneza hayo, na misalaba. Zilipobaki mbao, nilitengeneza milango kwa watu waliokuwa wamerudi wakakuta nyumba zimebaki kuta.

Ndipo siku moja akaingia Prefe, koti limefungwa vifungo vyote, akaweka kitambaa cha mfukoni juu ya meza yangu na kukifungua polepole. Nilidhani ni kidole cha mtu. Niliwahi kuletewa vitu kama hivyo. Kumbe ni kijitu cha plastiki, kirefu kama kiganja, kifua kimevimba, kimevaa chupi juu ya suruali. Mkono mmoja umekunjwa kushika silaha, na silaha yenyewe haipo.

"Fundi," akasema, "huyu muntu hawezi kusimama."

"Ninaona, Prefe."

"Nataka umutengenezee sokle."

Sokle ni Kifaransa chake. Mimi niliviita vitako, kama kitako cha mtungi. Nilimtazama usoni nione kama ananitania. Hakuwa mtu wa utani. Pembeni yetu palikuwa na jeneza lililongoja rangi, na yeye alikuwa amelipita kwa upande, akiinua koti lisiguse vumbi la mbao.

Vijitu vile alivipata Bukavu. Marobota ya nguo za mitumba yalipofunguliwa kwenye soko la Kadutu, ndani yake, kati ya masweta na soksi, mlikuwa na vitu vya kuchezea vya watoto wa Ulaya: magari bila magurudumu, wanasesere wasio na macho, na hivi vijitu vya kupigana. Wachuuzi walivitupa au waliwapa watoto wao. Prefe alivikusanya. Mkewe, ambaye alikuwa mwanamke mchangamfu na mwenye ulimi, aliwahi kutusimulia jinsi walivyokimbia vita vilipoingia mjini. Wengine walivuka daraja la Rusizi na magodoro, sufuria, mbuzi, mama zao mgongoni. "Na bwana yangu," akasema, "alibeba valizi. Mi nikawaza, eeh, Mungu asifiwe, amekumbuka diplome na picha za harusi. Ku daraja askari anafungua ile valizi, anakuta bantu ba plastiki, kila mmoja amefunikwa ndani ya kitenge yangu! Na sufuria niliibeba mimi ku kichwa."

Askari walicheka hadi mmoja akakaa chini. Prefe, kwa maelezo ya mkewe, aliwaambia waviguse kwa adabu.

Sasa lazima niseme habari ya ubao, kwa sababu ubao huo ndio uliotugombanisha.

Nilikuwa na binti mmoja tu. Mama yake alifariki kwa ugonjwa kabla ya vita vyote. Binti alipokua nilimpeleka Bukavu kwa dada yangu akajifunze kushona. Vita vilipoingia huko, walikimbia na watu wengine kuelekea magharibi, msituni, kwa sababu siku ile njia ya kurudi kwetu ilikuwa imejaa risasi. Dada yangu alirudi Bukavu baada ya miezi mingi, amebaki macho na mifupa. Binti yangu hakurudi. Dada alisema alishikwa na kuhara njiani, wakamlaza chini ya majani kando ya njia, wakaendelea, kwa sababu nyuma walisikia bunduki. Alikuwa bado anapumua walipomwacha, au alikuwa amekoma. Dada alisema hivi siku moja, na vile siku nyingine. Sikumlaumu.

Kwetu mtu akifa, jamaa huingia katika weusi. Hupangi harusi, hufanyi sherehe, unaishi kwa kuinama. Kisha muda ukifika kuna siku ya kwera, yaani kuwa weupe: watu hukusanyika, hunywa pamoja, na uhai unaruhusiwa kuanza tena. Lakini weusi wenye mwisho huanzia kaburini. Asiyezika hana mahali pa kuanzia kuhesabu. Nilikuwa na ubao wa libuyu, mti mwekundu wa Kongo, mnene, umenyooka, hauna fundo hata moja, niliokuwa nimeununua kabla mambo hayajaharibika. Niliuweka nyuma ya mlango wa karakana. Nilisema siku mifupa yake itakapopatikana, huo ndio utakuwa jeneza lake. Mtaa mzima ulijua. Hata wateja wangu kutoka kiwanda cha Bugarama, wenye vumbi la saruji kwenye nyusi, waliupita bila kuuliza bei. Asiyejua alikuwa mmoja tu, kwa sababu hakuwa na desturi ya kuuliza habari za mtu.

Turudi kwenye vitako. Nisipoeleza namna alivyovichagua, nitakuwa nimemwonea, maana hapo ndipo alipokuwa mtu kamili. Mahali pengine popote alikuwa nusu.

Mara ya kwanza nilipasha msumari moto nikatoboa unyayo wa kijitu, nikitaka kukichomeka kwenye kijiti. Plastiki ikayeyuka, kisigino kikawa uji. Prefe alipiga kelele kama aliyechomwa yeye. Tangu siku hiyo alikataza kutoboa. Nikapendekeza waya wa kukizunguka kiunoni.

"Apana! Muntu mwenye kushikwa kiuno si muntu, ni mufungwa. Umeona wapi shujaa anashikwa sawa mulevi?"

"Basi tutafanyaje, Prefe?"

"Utafikiri. Njo maana banakuita fundi."

Nikafikiri. Nilipaka masizi kwenye nyayo za kijitu, nikakisimamisha juu ya ubao, nikakiondoa. Pakabaki alama mbili. Nikazichimba kwa patasi nyembamba hadi miguu ikaingia na kukaa imara, bila gundi wala waya. Alifurahi. Alikizungusha kitako mkononi akakinusa. Kuanzia hapo kila kijitu kilikuwa na kitako chake, na hakikufaa kingine, kwa kuwa hakuna viwili vinavyokanyaga sawa.

Kuchagua mti ilikuwa shughuli ya asubuhi nzima. Mikaratusi aliikataa kabisa. Alisema inapasuka kama ahadi. Gereveria aliikubali kwa vijitu vya cheo cha chini, maana vilikuwa na vyeo, na vyeo alivigawa yeye. Sederela ilikuwa ya wale wa kati. Libuyu ilikuwa ya wakubwa. Kijitu chenye nguo nyekundu hakukiweka kwenye mti mwekundu: "Batasema anavuja damu." Kilichokuwa kama kinakimbia alitaka kitako chake kiinamie mbele. Kilichokuwa kama kinarudi nyuma alikiwekea kitako kipana, kwa sababu, alisema, mwoga anahitaji nafasi. Aliweza kukaa juu ya kigoda changu akitazama nyayo za plastiki kwa muda ambao ningetengeneza dirisha.

"Muntu ni miguu, Fundi," aliniambia. "Kichwa kinadanganya, mukono unadanganya. Angalia namna anasimama, utamujua."

Na nyumbani kwake mke alikaa juu ya bidoni, dumu la maji. Hili si neno la wabaya wake; nililiona mimi. Kigoda cha jikoni kilivunjika mguu, na bwana mwenye vitako vya sederela hakukileta kwangu hata siku moja. Mkewe alinisubiri nipite akaniita mbele ya majirani:

"Fundi, uliza ule muzee, mi nikikufa atanitafutia sokle ya muti gani?"

Watu wakacheka. Prefe, aliyekuwa mlangoni, akajibu bila kucheka, "Maman, weye unasimama muzuri. Hauhitaji." Nadhani alikusudia sifa. Nilikitengeneza kile kigoda mwenyewe.

Vijitu vyenyewe viliishi katika kabati la vioo sebuleni, pahali ambapo watu wengine huweka glasi za wageni. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukaribia. Katekista wetu alianza kunong'ona kwamba ni mashetani. Siku moja alikuja bibi mmoja kutoka Mururu, mama wa mwanafunzi aliyefukuzwa shuleni kwa Prefe, kumwombea mwanawe. Nilikuwepo, nimeleta kitako. Bibi yule alikaribishwa sebuleni, akaona kabati, vioo, watu wadogo wamesimama kwa safu juu ya vitako vilivyong'aa kwa nta. Alikuwa amezoea misheni ya Mibirizi, ambako watakatifu husimama hivyo hivyo. Akapiga goti. Akafanya ishara ya msalaba. Akaanza kuomba, kwa Kinyarwanda, taratibu, akimtazama yule mwenye chupi juu ya suruali, akimweleza kwamba mtoto ni yatima wa baba na asamehewe.

Na Prefe akamwacha. Alisimama nyuma yake, mikono ameikunja mbele, kichwa ameinamisha. Bibi alipomaliza, Prefe akamsaidia kuinuka na kumwambia mtoto arudi shuleni Jumatatu.

Nilimkabili alipokwisha kumsindikiza. "Prefe, umemwacha mzee wa watu aombe plastiki!"

"Ungefanya nini weye? Ungemukata muntu ndani ya sala?"

"Ningemwambia ukweli."

"Ukweli," akasema, akifuta kioo ambapo pumzi ya yule bibi ilikuwa imebaki. "Kisha? Angepata haya, na mutoto angebaki fukuzwa. Aliomba, akapata. Watakatifu ba Mibirizi banafanya mbio sawa hii?"

Nimelifikiria jibu lake mara nyingi na bado nalidharau. Aliyemfukuza yule mtoto ni yeye. Alimfukuza kwa sababu mtoto alisimama upande kwenye mstari wa bendera, mguu mmoja nje.

Maana hivyo ndivyo alivyokuwa shuleni. Walimu wengine hukagua kucha na daftari. Yeye alipita nyuma ya safu akitazama visigino. Mwanafunzi aliyeegemea, aliyepishanisha miguu, aliyesimama kama korongo, alichapwa. Watoto wale wengine wao walikuwa wamelala vichakani, wengine walikuwa wametembea kutoka Shabunda na nyayo zimepasuka kama udongo wa kiangazi. Walisimama walivyoweza. Alivyokuwa mvumilivu na mguu wa plastiki, kuutafutia pembe yake, kuuchimbia shimo lake, hakuwa hivyo na mguu wa mtoto. Nilimwambia hivyo pia. Mimi sina elimu ya kumzungusha mtu kwa maneno, husema tu.

"Batoto," akanijibu, "beko na miguu ya kujisimamisha. Bale bengine habako nayo."

Alikuwa na jibu kila mara. Ukimuuliza kwa nini haendi umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, alisema amekwisha kwenda moyoni. Alipoenda kweli, alivaa glavu, akachukua jembe jipya, akasimama pale tulipochimba mtaro akituonyesha nani amesimama vibaya atavunjika mgongo. Mara nyingi alisema kweli, na hilo ndilo lililochosha. Aliwachukia askari, wa jeshi lolote, akivuka barabara ili asipishane nao, na kabatini mwake hamkuwa na kitu ila wapiganaji. Alikataa kwenda mazishini. "Sijui kusimama huko," alisema. Lakini jirani akifiwa, alituma mkewe na sahani ya sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwani, na chai ya maziwa, na chai ilikuwa nzuri.

Kati ya vijitu vyote kimoja kilikuwa kikubwa kuliko vingine, cheusi, na joho lililopasuka. Alikiita Komanda. Hiki hakikuwa na kitako. Kilisimama kwenye rafu ya juu kikiegemea kopo la sadini, na Prefe aliona haya kwa niaba yake. Hakuna mti uliomridhisha. Nilimletea libuyu mara nyingi. Hii ina fundo, ile ina mstari uliopinda, hii ni nyekundu mno. Kisha vita vya pili vya Kongo vikaanza, daraja likawa la askari, mbao zikaacha kuvuka. Ndipo macho yake yakafika nyuma ya mlango wangu.

Aliuvuta ubao kwenye mwanga bila kuomba ruhusa. Akaupitisha kiganja.

"Fundi! Na hii ulinificha?"

"Hiyo si ya kazi, Prefe. Rudisha."

"Kipande kidogo tu. Cha katikati. Hapa, ona, mistari imenyooka sawa maji."

"Katikati!"

"Pembeni haiko muzuri."

Ukikata ubao wa jeneza katikati, huna tena ubao wa jeneza. Una vipande viwili vya kutengenezea meza. Nilimwambia hauuzwi. Akauliza nani ameuagiza. Nikasema umeagizwa. Akauliza aliyeuagiza atakuja lini. Nilikuwa na nyundo mkononi, nikaiweka chini kwa sababu niliona jinsi mikono yangu ilivyoikaza.

Alirudi kila juma. Alikuja na sababu mpya kama mwanafunzi aliyechelewa. Alisema ubao ukikaa sana utaingiwa na wadudu. Alisema mteja asiyekuja si mteja. Siku aliyosema hilo nilimshika kola ya koti, nikamtoa nje hadi barabarani, vifungo viwili vikakatika, na majirani waliokuwa wananunua mkaa wakashangilia, maana wengi walitamani kuona mtu akimtoa Prefe mahali. Aliokota vifungo vyake, akavitia mfukoni, akasimama wima kabisa.

"Fundi, weye ni muntu mubaya," akasema. "Komanda anaegemea kopo."

Hatukusemezana tena kwa miaka.

Miaka hiyo dada yangu, kila askari wa daraja walipomruhusu, alikuja kunisihi. Aliona nimekuwa kama mti uliochomwa ukabaki umesimama. "Kaka, tuwe weupe," alisema. "Mimi ndiye niliyemwacha, na mimi nimechoka." Nilimjibu tutazika nini. Niliwauliza madereva wa malori waliotoka huko ndani, kila mmoja, kama ameona kando ya njia fulani dalili ya kaburi. Walinitazama kwa adabu. Msitu wote ule kando ya njia zake ulikuwa kaburi. Nilikuwa nikiupaka ubao mafuta kila mvua zinapoanza, nikiugeuza usipinde.

Mara ya mwisho niliyokaa na Prefe ilikuwa baada ya mapatano, daraja limekwisha kufunguliwa na akina mama wanavuka tena asubuhi na vikapu vya nyanya. Mkewe alikuwa amekwenda kuishi Kigali kwa mtoto wao wa kiume. Kabla ya kuondoka alinipitia akaniomba nikakaze mlango wa jikoni, upepo usimuue yule mzee. Nilikwenda kwa ajili yake.

Prefe alinifungulia. Alikuwa amekonda, koti lilikuwa lile lile, na vifungo viwili vya rangi nyingine. Hakutaja ugomvi. Nilikaza bawaba za mlango, kisha nikapita sebuleni kuchukua kamba yangu ya kupimia niliyoiacha pale nilipoingia, nikaona kabati.

Vijitu havikuwemo. Vitako vilikuwemo vyote, kwenye safu zake, sederela na sederela, libuyu na libuyu, vimepakwa nta na havina vumbi. Juu ya kila kimoja palikuwa na nyayo mbili nilizochimba mimi kwa patasi.

"Wezi?" nikauliza.

"Mukamwana yangu," akasema. Alikuwa na maana ya mke wa mwanawe. "Alikuja kumuchukua mama. Akafungua kabati, akasema, kumbe uko na bintu bya batoto na haukusema! Akakusanya bote ndani ya mufuko ya sukari. Batoto bake banachezea Kigali. Amenitumia habari mumoja ameshakatika kichwa."

"Na wewe ukanyamaza? Wewe?"

"Alikuwa anafurahi," akasema Prefe.

Nilitaka kucheka, na ninasema wazi kwamba nilistahili kucheka. Mtu aliyewatetemesha watoto mia kwa kutazama visigino vyao ameshindwa na msichana mwenye mfuko wa sukari. Lakini yeye alikuwa amekwisha kufungua kioo na kuanza kunionyesha. Huyu ni yule wa mbio, ona namna ameinama. Huyu ni mwoga. Huyu ndiye bibi wa Mururu alimwomba. Alipitisha kidole ndani ya nyayo, na kweli, nami pia nilivikumbuka kimoja kimoja, ingawa sikuwahi kutaka kuvikumbuka. Kisha akafika rafu ya juu. Palikuwa na alama ya duara pale kopo la sadini lilipokaa, basi.

"Na Komanda haiko na kitu," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kulalamika, ya mtu anayenidai. "Nilimupenda kuliko bote, na hana hata alama. Ni sababu weye ulinikatalia ubao. Na mimi nikakataa muti ingine. Nikasema, nitangoja ule muzuri. Nikangoja. Sasa nikifunga macho, sijui tena mguu gani aliweka mbele. Ya hawa bengine bote ninajua. Yake imepotea."

Akapitisha kidole juu ya ile alama ya duara.

"Ule ubao ulifanyia nani, Fundi? Muntu mwenyewe alikuja?"

"Uko pale pale. Ni wa jeneza la binti yangu. Alibaki huko msituni. Ninangoja mifupa."

Mtu mwingine angesema pole. Angenishika mkono. Prefe alifunga kioo cha kabati, akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinitazama usoni badala ya miguuni.

"Jina yake?"

"Dativa."

"Alikuwa anasimama namna gani?"

Hasira ilinipanda hadi masikioni. Nilidhani ananipima mwanangu kama alivyopima takataka zake za plastiki, na huenda ndivyo alivyokuwa akifanya, kwa sababu hakuwa na kipimo kingine. Nilifungua mdomo nimtukane. Tusi halikutoka, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kutafuta jibu na sikulipata. Niliona ubao. Niliona majani kando ya njia ambayo sijawahi kuipita. Nilimwona jinsi dada alivyonisimulia, amelala. Nilikuwa nimemwona amelala miaka yote ile. Kusimama, sikumwona.

Prefe alingoja. Katika kungoja alikuwa hodari.

"Kwa mguu mmoja," nikasema mwishowe. "Akingoja sufuria ichemke. Mguu mmoja chini, na ule mwingine anajikunia nao shavu la mguu. Mama yake alimgombeza, akisema atadumaa."

"Wa chini ulikuwa wa kushoto?"

"Wa kushoto."

Akafikiri, ametazama sakafu, midomo imekunjamana, kama alivyokuwa akifanya juu ya kigoda changu zamani.

"Huyo," akasema, "ni mugumu kumutafutia sokle."

Nilichukua kamba yangu nikaondoka. Sikumuaga. Nilimdharau nilipokuwa nikiingia, nilimdharau nilipokuwa nikitoka, na hata leo, akiwa amekwisha kufa huko Kigali kati ya wajukuu na vichwa vya plastiki vilivyokatika, sioni kwamba alinifanyia wema. Hakukusudia.

Asubuhi yake niliulaza ubao wa libuyu juu ya meza. Nilimtuma mtu ng'ambo kwa dada yangu amwambie aje na watu wake, na pombe itakuwepo, tutamzika Dativa bila mwili. Kisha nikapima juu yake msalaba wa kusimama, badala ya jeneza, nikaandika jina lake kwa penseli kwanza, herufi kubwa, katikati kabisa pale mistari iliponyooka, nikachukua patasi.